Nani Alisema, Nani Aliona? Magazeti na Habari za Kuuawa kwa Viongozi

Msafiri atokaye Lodwar kwenda mpaka wa Uganda hupita Lorugum, kisha Namoruputh, kisha hushika njia ya Lokiriama. Katika nchi hiyo kavu mifugo ndiyo mali, na wizi wa mifugo umekuwa chanzo cha mapigano mengi baina ya majirani. Ng'ombe wakitoweka usiku, mzee mwenye busara hawaruhusu vijana kushika silaha na kumvamia jirani wa kwanza. Hutaka nyayo zitazamwe kwanza: zilitoka wapi, zilikwenda wapi, zilikuwa za watu wangapi. Na mtu akija mbio kusema, "Watu wa upande wa pili ndio waliofanya hivi," huulizwa swali moja: "Uliwaona wewe, au uliambiwa?"

Swali hilo si dogo. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walipatana huko Lokiriama, wakazika silaha zao, na mapatano hayo hukumbukwa hadi leo. Amani ya namna hiyo yaweza kuvunjwa na neno moja la uongo kuhusu mtu aliyeuawa na mkono uliomwua.

Habari za kuuawa kwa kiongozi wa nchi hufanana na habari za wizi huo, ila uwanja wake ni mpana zaidi. Kiongozi hufa, watu wake hukasirika, na kabla mwili haujazikwa, serikali ya nchi nyingine imekwisha kutajwa kuwa ndiyo iliyofanya. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Anayeleta maneno hayo ni gazeti, au redio, au siku hizi simu ya mkononi. Kwa hiyo yafaa kila msomaji ajue jinsi habari hizo zinavyotengenezwa, na jinsi ya kuzipima.

GAZETI HUPATA HABARI WAPI

Ni nadra sana mwandishi wa gazeti kuwapo mahali ambapo kiongozi anauawa. Habari anazoandika hutoka kwa wengine: kwanza, tangazo la serikali, pili, mashirika ya habari, kama vile Reuters, ambayo huyauzia magazeti ya dunia yote habari zile zile, tatu, watu walioona kwa macho, nne, hati na barua. Katika siku za kwanza gazeti huwa na tangazo la serikali tu. Watu walioona huogopa kusema, na hati hufungiwa kabatini miaka mingi.

Basi msomaji aangalie neno moja dogo, nalo ni "asema". Gazeti likiandika, "Waziri asema kwamba mfungwa ametoroka," halikusema kwamba mfungwa ametoroka. Limesema tu kwamba Waziri amesema hivyo, na hilo ni kweli tupu. Lakini kichwa cha habari hupewa nafasi finyu, na mara nyingi jina la msemaji huachwa nje. Hapo huandikwa kwa herufi kubwa, "Mfungwa Atoroka". Msomaji aliye na haraka hukichukua kichwa hicho, akaenda kuwasimulia wenzake sokoni, na tangu saa hiyo neno la Waziri limegeuka kuwa jambo lililotokea.

Tena, mahali ambapo mwandishi hawezi kufika, neno la serikali huwa ndilo neno pekee. Watu wa Lodwar wanalijua jambo hili kuliko wengi. Mwezi wa Aprili, 1959, Mzee Jomo Kenyatta alimaliza kifungo chake Lokitaung, naye akawekwa Lodwar kwa amri ya serikali ya kikoloni. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuingia bila kibali. Mwezi wa Mei, 1960, Gavana Patrick Renison alitangaza kwamba Kenyatta ni kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini, na magazeti yakayachapa maneno hayo, wala hapakuwa na njia rahisi ya mtu huyo kujibu. Mwezi wa Aprili, 1961, alipohamishiwa Maralal, waandishi waliruhusiwa kumwendea na kumwuliza maswali. Ndipo watu walipoweza kumsikia mwenyewe na kupima.

HABARI YA BW. LUMUMBA

Katika miezi hiyo hiyo Mzee Kenyatta alipokuwa Lodwar, jambo kubwa lilitokea Kongo, na mpaka leo ndilo funzo bora la jinsi habari za kuuawa kwa kiongozi zinavyopindwa na kunyooshwa.

Kongo ilipata uhuru kutoka Ubelgiji tarehe 30 Juni, 1960, na Bw. Patrice Lumumba akawa Waziri Mkuu. Siku chache baadaye askari waliasi. Tarehe 11 Julai, jimbo la Katanga, lenye utajiri mkubwa wa shaba, lilijitenga likiongozwa na Bw. Moise Tshombe, nao Wabelgiji wakalisaidia. Mwezi wa Septemba Rais Kasavubu alimwondoa Lumumba, na Kanali Mobutu akashika madaraka kwa nguvu za jeshi. Mwishoni mwa Novemba Lumumba alitoka usiku katika nyumba aliyozuiliwa mjini Leopoldville, akashika njia ya Stanleyville, lakini alikamatwa njiani mwanzoni mwa Desemba.

Hata kabla ya kifo chake magazeti yalikuwa yamekwisha kumchora mara mbili, kwa sura mbili tofauti. Magazeti mengi ya Ubelgiji, Marekani na Uingereza yalimwonyesha kuwa mtu wa fujo na kibaraka wa Urusi. Yale ya Urusi yalimwonyesha kuwa shujaa asiye na dosari. Wasomaji wa pande zote mbili hawakupata nafasi ya kumjua mtu mwenyewe, na alipokuja kufa, kila upande ulikuwa na maelezo yaliyolingana na picha yake.

Tarehe 17 Januari, 1961, Lumumba alipelekwa kwa ndege mpaka Elisabethville, mji mkuu wa Katanga, pamoja na Bw. Maurice Mpolo na Bw. Joseph Okito. Walipigwa vibaya ndani ya ndege, na wakapigwa tena walipofika. Usiku ule ule wakapigwa risasi porini, mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Baadaye miili yao ilifukuliwa, ikakatwa, ikayeyushwa kwa tindikali ili pasibaki hata kaburi.

Dunia haikuambiwa neno. Tarehe 10 Februari, redio ya Katanga ilitangaza kwamba wafungwa hao watatu wametoroka kwa gari. Tarehe 13 Februari, Bw. Godefroid Munongo, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Katanga, aliwaita waandishi wa magazeti akawaambia kwamba wafungwa wameuawa na wanakijiji waliowakuta njiani. Wakati huo wote, siku 27 kamili, waliotajwa kuwa wakimbizi walikuwa wamekwisha kufa.

KIJIJI KISICHO NA JINA

Waandishi walitaka kujua jina la kijiji. Bw. Munongo alikataa kulitaja, akisema wanakijiji wangelipizwa kisasi. Mahali pa makaburi pia hakupataja. Akawaambia waandishi kwamba watu watasema serikali yake ndiyo iliyoua, naye jibu lake ni kuwa anayesema hivyo na athibitishe.

Msomaji mwangalifu angeona siku ile ile mambo matatu. Habari yote ilitoka kwa mtu mmoja. Mtu huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa wafungwa, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kujikinga. Na habari yenyewe iliwekwa mahali pasipoweza kufikiwa, kijiji kisicho na jina na kaburi lisilo na alama. Habari ya namna hiyo ni kama nyayo zinazoishia juu ya mwamba. Labda ni kweli, lakini hakuna awezaye kuzifuata.

Magazeti mengi yalichapa tangazo la Katanga kama lilivyotolewa. Mengine yalichapa pia shaka za waandishi wao, nayo hayo ndiyo yaliyofanya kazi vizuri. Watu waliandamana katika miji mingi ya dunia, na ubalozi wa Ubelgiji mjini Cairo ulishambuliwa. Mwezi wa Novemba, 1961, tume ya Umoja wa Mataifa iliitangaza hadithi ya kutoroka kuwa si ya kuaminika, ikasema ushahidi waonyesha kwamba wafungwa waliuawa tarehe 17 Januari mbele ya wakubwa wa Katanga. Lakini habari hiyo ya Novemba haikupewa nafasi kubwa kama ile ya Februari. Ndivyo ilivyo desturi ya magazeti: kosa huchapwa ukurasa wa kwanza, na sahihisho huchapwa ndani.

Ujanja huo wa kumweka mtu mbali ulionekana Kenya pia. Mwezi wa Machi, 1975, Bw. Josiah Mwangi Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alitoweka Nairobi. Watu walipokuwa wakimtafuta, gazeti la Daily Nation lilichapa habari kwamba yuko Zambia. Kumbe mwili wake ulikuwa umekwisha kuonekana katika vilima vya Ngong, tena haukuonwa na waziri wala na mhariri, bali na mchungaji wa Kimaasai. Hapo nchi ya kigeni haikutajwa kuwa mwuaji. Ilitajwa kuwa maficho. Faida ilikuwa ile ile, yaani kuwapeleka watu kutazama mbali wakati nyayo ziko karibu.

MKONO WA SERIKALI ZA NG'AMBO

Je, ni kweli kwamba serikali za kigeni zilihusika na kifo cha Lumumba? Jibu ni ndiyo, lakini neno "kuhusika" ni gunia pana, na magazeti hutia ndani yake vitu vingi visivyo sawa. Yapasa kuvitoa kimoja kimoja.

Kwanza kuna kutaka mtu afe. Mwezi wa Agosti, 1960, Bw. Allen Dulles, mkuu wa shirika la ujasusi la Marekani, C.I.A., alipeleka simu Leopoldville kwamba kuondolewa kwa Lumumba ni jambo la haraka na la kwanza. Mwezi wa Oktoba Waziri wa Ubelgiji wa Mambo ya Afrika, Bw. Harold d'Aspremont Lynden, aliandika juu ya kumwondoa Lumumba kabisa.

Pili kuna kujaribu kuua. Mwezi wa Septemba, 1960, mwanasayansi wa C.I.A. alipeleka sumu Leopoldville ili itiwe katika chakula cha Lumumba au katika dawa yake ya meno. Sumu hiyo haikutumiwa.

Tatu kuna kusaidia. Mwezi wa Januari, 1961, Waziri yule yule wa Ubelgiji aliihimiza Katanga impokee Lumumba, ingawa kila mtu alijua kwamba huko alikuwa na adui wakubwa kuliko mahali pengine popote. Wakubwa wa Leopoldville waliomtoa walijua vile vile.

Nne kuna kuua kwenyewe. Waliotoa amri huko Katanga walikuwa viongozi wa Katanga. Waliosimamia askari waliopiga risasi walikuwa maofisa wa Kibelgiji katika utumishi wa Katanga.

Ukweli huu haukuletwa na magazeti ya mwaka 1961. Uliletwa na hati. Mwaka 1975 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani, chini ya Seneta Frank Church, iliufunua mpango wa sumu, ikasema pia kwamba haikuona ushahidi kuwa Wamarekani ndio waliomwua Lumumba mwishowe. Mwaka 1999 Mbelgiji Ludo De Witte alichapa kitabu kilichozikusanya hati za Ubelgiji. Bunge la nchi hiyo likaunda tume, na mwaka 2001 tume ikasema kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walikuwa na jukumu la kimaadili. Mwezi wa Februari, 2002, Waziri wa Mambo ya Nje, Bw. Louis Michel, aliomba radhi. Mwezi wa Juni, 2022, Ubelgiji ilirudisha jino moja, ambalo polisi wa Kibelgiji aliyeharibu miili alilichukua na kulificha. Hicho ndicho kilichobaki cha Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, nacho kilizikwa Kinshasa baada ya miaka 61.

Basi watu waliosema mwaka 1961, "Wabelgiji wamemwua," hawakukosea sana. Lakini waliposema hivyo hawakuwa na ushahidi uliopatikana baadaye. Na waliosema, "Wanakijiji wamemwua," walikuwa na tangazo rasmi mkononi, nao walikosea kabisa. Muhuri wa serikali si ushahidi. Hasira nayo si ushahidi.

KIFO CHA DKT. GARANG

Haifai msomaji afunge gazeti akidhani kwamba kila kiongozi anayekufa ameuawa, au kwamba nchi ya kigeni imo katika kila kifo. Habari ya pili yatoka karibu zaidi na Turkana.

Tarehe 9 Julai, 2005, Dkt. John Garang aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, baada ya mapatano ya amani yaliyotiwa sahihi Nairobi mwezi wa Januari. Siku 21 baadaye, tarehe 30 Julai, helikopta ya Rais wa Uganda iliyokuwa ikimpeleka New Site, karibu na mpaka wa Kenya, ilianguka milimani. Watu wote waliokuwamo walikufa. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992 kwa kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan, na kwa wengi wa wakimbizi waliokuwa hapo Dkt. Garang alikuwa kiongozi wao. Msiba huo ulikuwa wao wenyewe.

Habari za mwanzo zilikuwa na makosa. Televisheni ya serikali ya Sudan ilitangaza kwamba helikopta imetua salama. Kisha ikabidi itangazwe kwamba Garang amekufa. Watu waliodanganywa asubuhi hawaamini neno la jioni. Uvumi ukajaa pengo hilo: wengine waliishtaki serikali ya Khartoum, wengine Uganda. Tarehe 1 Agosti ghasia zilizuka Khartoum na miji mingine, watu wa kusini na wa kaskazini wakashambuliana, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hao hawakuuawa na helikopta.

Huko Uganda, Rais Museveni alisema hadharani kwamba huenda haikuwa ajali, na katika hotuba hiyo hiyo akayatisha magazeti yaliyoandika dhana zao. Redio KFM ya Kampala ilifungwa kwa muda, na mwandishi Andrew Mwenda akashtakiwa kwa uchochezi kwa ajili ya maneno aliyoyasema hewani. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliifuta sheria hiyo ya uchochezi. Mwaka 2006 tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Bw. Abel Alier, mzee wa kusini mwa Sudan, ilisema kwamba ndege haikuhujumiwa. Ilianguka kwa makosa ya kuiendesha katika hali mbaya ya hewa. Wako watu waliokataa maneno hayo. Lakini anayekataa atazame nyayo, atoe ushahidi ulio bora kuliko wa tume. Chuki pekee haitoshi.

Linganisha habari hizi mbili. Katika ile ya Kongo, serikali ilisema uongo ili kuficha mauaji. Katika ile ya Sudan, serikali ilisema jambo lisilo kweli kwa kukurupuka, na watu wakaona mauaji ambayo uchunguzi haukuyakuta. Kosa la kwanza lilimficha mwuaji, na kosa la pili liliwaua wasio na hatia.

MASWALI MANNE YA KUULIZA

Msomaji akipata habari ya kuuawa kwa kiongozi, na ajiulize maswali haya kabla ya kuipeleka kwa jirani.

La kwanza: Nani amesema? Kama gazeti halimtaji msemaji, au lasema tu "inasemekana", habari hiyo ni uvumi uliovaa nguo nzuri.

La pili: Aliyesema aliona, au aliambiwa? Mchungaji aliyeuona mwili ni shahidi. Mkuu aliyeletewa taarifa si shahidi, hata awe na cheo gani.

La tatu: Msemaji apata faida gani? Mtu aliyekuwa mlinzi wa marehemu, au adui wake, au anayetaka kurithi kiti chake, asikilizwe, lakini maneno yake yapimwe kwa mizani ya pili.

La nne: Nchi ya kigeni yatajwa kuwa ilifanya nini hasa? Je, ilitaka, ilijaribu, ilisaidia, au iliua? Gazeti lisiloweza kutenganisha mambo hayo manne halijui, au lataka msomaji asijue.

Siku hizi wakimbizi wa Kakuma wana gazeti lao wenyewe, KANERE, lililoanza mwaka 2008, na vijana wa Lodwar hupokea habari za dunia katika simu zao. Habari iliyochukua siku 27 kutoka Katanga sasa yaweza kufika Namoruputh kabla chai haijachemka. Mwendo wake umeongezeka, lakini ukweli wake haukuongezeka kwa sababu hiyo. Bado hati hukawia na mashahidi huogopa.

Kwa hiyo si aibu msomaji kusema, "Jambo hili bado halijajulikana." Mzee anayewazuia vijana mpaka nyayo zitazamwe si mwoga. Mwizi akipatikana, atakuwa mwizi kweli. Na jirani asiye na kosa atakuwa bado hai.